Filamu ya Arubaini na Moja

Baba Salma,

Assalaamu alaykum. Makaburini wanakwenda wanaume, na mimi tangu ulipofariki sijavuka kizingiti, kwa hiyo salamu zangu zinakujia kwa kalamu. Kesho natoka eda. Miezi minne na siku kumi nimeihesabu yote, na ukweli ni kwamba sehemu kubwa nimeikaa na wazungu wako.

Usicheke. Najua nilivyokuwa nikizisema zile filamu. Tangu yule mgeni uliyemtengenezea kompyuta dukani kwako mjini Chake Chake akuachie diski iliyojaa filamu fupi za Ulaya, kwa shukrani, mimi nilizipa jina moja tu: sinema za watu wasiosalimiana. Ulikuwa ukirudi nyumbani Ole, unakula, unaweka kompyuta juu ya meza ya cherehani, unaniita. "Mama Salma, njoo tuitazame hii pamoja. Dakika kumi na mbili tu." Na mimi niko barazani na lundo la karafuu, nazichambua kutoka kwenye vikonyo vyake, nakujibu, "Nikimaliza makonyo." Nani aliyewahi kumaliza makonyo Pemba hii?

Mwezi wa kwanza sikugusa kitu. Nyumba ilijaa watu, kisha ikapwaya. Salma akarudi chuoni Unguja, nikabaki na mama yako, yeye na tasbihi yake, mimi na ukuta. Siku moja natafuta sindano kwenye mtoto wa meza, nikakuta daftari. Kila filamu umeipa namba, na mbele ya namba mstari mmoja wa maneno yako. Ndoa ya miaka ishirini na mbili, na sikujua kuwa unaandika! Nikaona basi nianze na namba moja, nijue mume wangu alikuwa akizungumza na nani.

Namba moja ni mzee anapandisha kiti ngazi za ghorofa tano. Anapumzika, anapanda, anapumzika. Akafika mlangoni, filamu ikaisha. Nikadhani imekatika, nikairudia, ikaisha pale pale. Nikafungua daftari kwa hasira, na wewe umeandika: "Haikukatika. Ndivyo ilivyo." Nilikuona kabisa unavyotabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Tangu hapo nikawa natazama kwanza, kisha nasoma ulichosema, kisha tunabishana. Ile ya msichana aliyepoteza glavu kwenye theluji, mimi niliona ni mtoto asiye na mtu wa kumwangalia. Wewe uliandika, "Theluji ina sauti." Nikairudisha nisikilize. Kweli ina sauti. Ni kama mtu anayekanyaga karafuu kavu juu ya jamvi. Hapo ulinishinda, nakubali.

Na mengine niliyoyaona, kwa kuwa hukuwahi kuniuliza. Wanakula wamesimama. Mvua inanyesha kila siku na hapana anayesema alhamdulillahi. Wazee wao wanakaa peke yao na saa ya ukutani. Maandishi ya Kiingereza nayasoma kwa taabu, lakini nyingi hazina maneno, na hizo ndizo nilizozielewa zaidi. Mtu akiwa na jambo zito hasemi, anaosha kikombe. Nilikuwa nikidhani ni ubaridi wao. Sasa nimekaa eda nimeosha vikombe visivyo na idadi, sisemi hivyo tena.

Mama yako mwanzo alinuna. "Msiba na sinema, wapi na wapi?" Lakini kila siku akawa anasogeza mkeka wake kidogo, mpaka siku moja nikasikia, "Hebu nipishe, kichwa chako kinanziba."

Sasa sikiliza kisa. Jirani yetu Bi Hadia na wenzake wawili walikuja kuniangalia, wakatukuta tunatazama namba thelathini. Mwanamke kakaa dirishani. Hana hereni, hana wanja, haongei, hatoki. Anatazama nje, anakunja kitambaa, anakunjua. Bi Hadia akashusha pumzi, "Maskini, yumo edani." Mama yako akamwombea na marehemu wake rehema, wenzake wakaitikia amin. Tukamwonea huruma hasa, hata mimi nikasahau yangu. Mara mlango ukagongwa, akainuka mbio, akafungua, akaingia mwanamme wa makamo, wakapeana mikono! Bi Hadia karuka: "Astaghfirullahi! Weye bibi, siku zako hazijesha!" Mama yako akapiga mkeka kwa tasbihi. Mwanamme akavuka moja kwa moja mpaka jikoni, akainama chini ya beseni, akatoa spana. Alikuwa fundi wa bomba. Yule bibi alikuwa akimngoja fundi tangu asubuhi.

Tulicheka mpaka Bi Hadia akashika mbavu. Kisha nikaona haya, mjane nacheka na mlango u wazi, watu wanapita. Mama yako akaniambia, "Cheka, mwanangu. Mwenyewe angecheka kukushinda." Wewe uliandika nini hapo? "Mafundi wa kote ni wamoja." Na wewe ulivyokuwa ukiwachelewesha watu na redio zao!

Nikaendelea hivyo mpaka arubaini. Iliyofuata ndiyo ile ya dakika kumi na mbili. Misimu mitatu ya karafuu uliniitia hiyo hiyo, kwa sababu ya picha yake ya mwanzo, ile ya mikono ya mwanamke inachambua kitu juu ya ungo. "Mikono kama yako," ulikuwa ukisema. Siku zote nilidhani umeshaitazama mara chungu nzima na unataka tu kunionyesha. Hilo ndilo lililokuwa likinituliza. Nilijisemea, yeye keshaifaidi, mimi nitaiona siku yoyote.

Safari hii nikasoma daftari kwanza. Namba arubaini na moja: "Bado. Namngoja Mama Salma."

Baada yake umeandika arubaini na mbili, arubaini na tatu, mpaka hamsini na nane. Uliiruka ukaiacha vile vile.

Nililia, Baba Salma. Siku ya maziko nililia na watu, huku nawaza maji ya wageni na wali unaoungua. Hii nililia peke yangu na kwa kosa langu. Dakika kumi na mbili! Mimi nilikesha na karafuu za watu, nikakunyima dakika kumi na mbili, na wewe hukununa hata siku moja. Ungenuna ningekuja.

Nikafunga kompyuta wiki tatu. Nilikuwa na hofu mbili. Nikiitazama, nimekutangulia, na uliningoja. Nisipoitazama, nakuacha unangoja mpaka lini? Leo baada ya alasiri nikaamua. Siwezi kutoka eda na deni hili la mume. Nikafunga mlango. Mama yako akauliza kulikoni, nikamjibu, "Nina shughuli na mwanao." Akarudi kwenye tasbihi yake.

Nimeitazama, sasa nikuhadithie. Mikono ile ni ya bibi anachambua maharage, na inaonekana nusu dakika tu. Kisha haionekani tena. Dakika zilizobaki ni mwanamme na simu, anazunguka nyumba tupu, anazungumza kuhusu kuiuza, anazungumza, anazungumza. Mwisho anazima taa. Basi.

Ni mbovu, mume wangu. Haina kitu. Ningesinzia dakika ya tatu, ungenipiga kiwiko, ningekwambia, "Hii ndiyo uliyoniitia misimu mitatu?" Na wewe ungecheka mpaka machozi, kisha tungekwenda kulala. Hayo tu ndiyo yaliyokuwamo humo ndani.

Nimechukua kalamu yako. Sikufuta ulichoandika. Pembeni yake nimeandika, "Amekuja. Mbovu."

Mwenyezi Mungu akukunjulie kaburi lako, liwe pana na lenye nuru. Mama yako nitamtunza, hilo usilifikirie. Salma akirudi nitampa daftari asome, ajue baba yake. Na ahadi yangu kwako ni hii: kesho naoga, wanawake watanivisha, watakula, wataondoka. Kesho kutwa nitafungua ya hamsini na tisa, ambayo hukuifikia, nitazame na nikuandikie mstari wako.

Karafuu za Bi Hadia zimeshaletwa, ziko barazani. Makonyo yatangoja.

Mkeo,
Mama Salma