Nimejaza Fomu Kwamba Nahubiri, Nami Najua Miguu Tu

Mpendwa Shangazi, naomba unisaidie kabla sijapanda ndege na uongo wangu, maana nimebakiwa na wiki tatu na sina wa kumwambia. Mimi ni mama wa watoto wawili ambao wameshajitegemea, kazi yangu ni kutengeneza miguu ya bandia, mwaka wa kumi na tisa huu, na nikwambie kweli Shangazi, kazi hii naipenda mpaka wenzangu wananicheka, nikishika tupa na msasa nasahau hata chai yangu, na mtu aliyeingia karakana kwa magongo akitoka anatembea mwenyewe, mimi hujificha nyuma ya kabati la plasta nijifute machozi, kisha narudi kama sikufanya kitu.

Mwaka jana alikuja mgeni kanisani kwetu, daktari wa zahanati ya misheni huko ng'ambo, akasema wana watu wengi waliokatwa miguu na hawana fundi hata mmoja, wanatafuta Mkristo mwenye ujuzi huo akakae nao miaka miwili, awahudumie na kuwafundisha watu wao kazi. Mume wangu, ambaye ni fundi umeme, akanipiga kiwiko, "Mama Chaki, wanakuita wewe hao." Ananiita hivyo kwa ajili ya vumbi jeupe la plasta lisilonitoka kwenye nywele. Mimi moyo ulikuwa umeshasema ndiyo kabla yake.

Tukachukua fomu, yake akaijaza papo hapo, yangu ikaenda vizuri mpaka ukurasa wa mwisho, wameuliza, Je, unahubiri? na vijisanduku vitatu, sijawahi, mara chache, mara kwa mara. Shangazi, mimi nikisimama mbele ya watu mdomo unakauka, kwenye harusi ya mdogo wangu niliombwa kutoa neno nikasema "Asanteni" nikakimbilia jikoni, mpaka leo wananitania. Lakini nikajiambia, mmisionari asiyehubiri ni mmisionari gani, watampa nafasi mtu mwingine, basi nikaweka tiki kwenye mara kwa mara. Mchungaji akasaini bila kusoma, maana ananiamini.

Sasa tumeshaagwa, tumewekewa mikono, akina mama wa kanisa wametununulia masanduku mawili makubwa, na juzi imekuja barua ya zahanati, nimekunakilia yote nyuma ya hii. Watu thelathini na wanane wanasubiri, wa kwanza ni fundi cherehani aliyekatwa mguu wa kulia, ndio aliokuwa akikanyagia, mwaka wa tatu huu hajashona. Wameeleza chumba cha kazi, dirisha lake, meza yake, vifaa walivyo navyo na wasivyo navyo. Kisha chini kabisa, "Kwa kuwa umesema unahubiri mara kwa mara, tumekupangia ibada ya wafanyakazi kila Jumatatu asubuhi. Mkalimani yupo." Nikisema kweli watanifuta, nikinyamaza nitaumbuka Jumatatu ya kwanza mbele ya watu wote na huyo mkalimani wao. Mume wangu hajui lolote, anafunga masanduku huku anaimba. Nimewaza niandike kwamba naumwa, yaishe. Nifanyeje, Shangazi?

Mama Chaki, fundi wa miguu

SHANGAZI ANAJIBU

Mama Chaki, kwanza nimecheka, nisamehe. Kisha nimekasirika, na kwa hilo sikuombi radhi. Mtu mzima, fundi wa miaka kumi na tisa, unadanganya kwenye fomu ya kwenda kumtumikia Mungu! Na sasa unataka kuongeza ugonjwa wa kubuni juu yake. Hebu ishia hapo hapo.

Barua ya zahanati nimeisoma mara mbili. Yote ni miguu, mama. Mahubiri yamo kwenye mstari mmoja tu, na mstari huo umewaandikisha wewe kwa tiki yako. Yule daktari alisimama kanisani kwenu akaomba fundi. Angetaka mhubiri, angeshindwa kusema?

Nikusimulie jambo. Kaka yangu alikatwa mguu, na kwa hasira akaacha kanisa, akaacha na kutusalimia. Aliyemtengenezea mguu alikuwa mama mkimya kama wewe. Siku ya kuujaribu, yule mama alikaa sakafuni kwa magoti asubuhi nzima, anakaza skrubu, analegeza, anauliza, "Hapa panauma?" Kaka anasogea hatua mbili, anatukana, anakaa. Yule mama hanuni, anauliza tena, "Na hapa?" Kaka alirudi nyumbani anatembea, na Jumapili alikuwa kanisani. Mahubiri ya siku hiyo hayakumbuki hata neno. Magoti ya yule mama anayakumbuka mpaka leo.

Sasa sikiliza. Leo hii, kabla ya chakula, mwambie mumeo. Atakucheka mpaka ashike mbavu, mvumilie, umeyataka. Kesho nenda kwa mchungaji na nakala ya fomu, umwoneshe kile kisanduku, maana sahihi yake imo chini ya uongo wako. Kisha waandikie zahanati maneno machache: nilidanganya, sijawahi kuhubiri, natengeneza miguu, je, bado mnanihitaji? Wanaweza kusema hapana. Wakisema hapana, utarudisha masanduku ya akina mama na kuendelea na tupa yako bila kinyongo. Lakini kwa watu thelathini na wanane wanaosubiri, sidhani kama watasema hivyo.

Na ukifika, ibada ya Jumatatu waachie wenye kipaji chao. Wewe ingia kwenye chumba chako chenye dirisha, mwite yule fundi cherehani, piga magoti, umuulize kama panauma. Mkalimani yupo.