Fremu Juu ya Kabati

Jumamosi, 8 Machi
Mzigo wa kaka umefika. Nilimwomba aje akae na Mama juma moja tu, nikafanyiwe operesheni ya ngiri. Akasema nimpe muda, atatafuta suluhisho. Suluhisho lenyewe ndilo hili — fremu ya picha, ya umeme. Wao wanatuma picha kwa simu huko waliko, zinatokea hapa sebuleni. Eti Mama asijisikie mpweke. Mpweke! Na mimi ninayelala naye chumba kimoja ni nani?

Daktari kanikataza kunyanyua kitu kizito. Nikamwambia kitu kizito chenyewe ni mama yangu. Hakucheka.

Jumapili, 9 Machi
Kuiwasha tu, asubuhi yote. Mara inataka wifi, mara inataka namba ya siri, mara inataka kujisasisha. Kaka ananielekeza kwenye simu: bonyeza hapa, sasa rudi nyuma, wewe nawe kitu kidogo hivyo. Simu nimeibana begani, Mama ananivuta gauni, anataka chooni. Nikamwambia kaka asubiri. Akasema ile namba inaisha muda, Mama ndiye asubiri.

Mama hakusubiri. Nikapiga deki. Nilipoinuka fremu ilikuwa imewaka — kaka, kwenye suti.

Jumatano, 12 Machi
Mama kaipenda, siwezi kusema uongo. Akipita mbele yake inawaka yenyewe, naye anaisalimu: hamjambo wanangu. Dada yangu wa kati ndiye kinara wa kutuma. Keki, gauni jipya, watoto wake, gauni jingine.

Jirani yetu, Mama Pacha, alikuja kutujulia hali. Mama akamwonyesha wanawe mmoja mmoja, jinsi wanavyomjali. Mimi niko chini namkata kucha za miguu. Akanigusa bega: "Dada, mletee mgeni kiti." Ndivyo anavyoniita siku hizi, kama msichana wa kazi. Mama Pacha akatazama dirishani.

Anayebeba hasifiwi. Anayepunga mkono ndiye mtoto.

Ijumaa, 14 Machi
Maumivu jana yalinikunja. Daktari kapanga Jumatatu, tarehe 24. Kasema tusicheze, utumbo ukinasa ni habari nyingine. Nikawapigia wote wawili. Kaka ana mikutano — huyo hata akifa atakuwa na mkutano. Dada kakubali. Atafika Jumapili, akae mpaka nipone. Nilimshukuru mpaka nikajichukia.

Kabla hajakata simu akauliza kama picha zake zinaonekana vizuri. Kwake anaziona zina giza.

Jumanne, 18 Machi
Nimewaambia wateja wangu wa kusuka wasije mpaka nitakapopona. Yule mwalimu kasema basi atajaribu saluni ya kona. Huyo ndiyo kwaheri.

Leo nilikaa mbele ya fremu nikangoja mzunguko mzima. Kaka, dada, watoto wao, mbwa wa kaka. Mbwa yumo! Mimi simo. Nikajiweka mwenyewe — picha ya kabla sijarudi nyumbani kumtunza Mama. Nimesuka vizuri, nina hereni, nina mashavu. Ni wivu? Haya, na uwe wivu.

Alhamisi, 20 Machi
Picha yangu ilitokea nikimlisha uji. Mama akakisukuma kijiko, akajiinua kwenye kiti. Akatabasamu jinsi alivyokuwa akitabasamu zamani, na meno yote. Nikamuuliza taratibu kama anamjua huyo.

"Kitinda mimba wangu huyo," akasema. "Alikuwa ananipenda sana. Sijui nilimkosea nini. Haji kuniona."

"Mama, ni mimi."

Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayedai kisicho chake. "Hapana, dada. Wewe nakujua."

Nikamalizia kumlisha. Uji ulishapoa.

Jumapili, 23 Machi
Begi tayari. Shuka safi kitandani kwa ajili ya dada. Mchana ukapita, simu yake inaita tu. Saa kumi ukaja ujumbe: gari limemharibikia njiani, atajitahidi kesho jioni.

Sijaweka simu chini, fremu ikawaka. Simu yake inatuma picha yenyewe, nadhani amesahau. Yuko kwenye sherehe, kavaa miwani ya jua, kaliegemea hilo hilo gari. Linang'aa. Mama akapiga makofi.

Nikatoka kumgongea Mama Pacha.

Jumatatu, 24 Machi
Mama Pacha yuko hapa. Atakaa mpaka saa sita, halafu anaingia kazini. Baada ya hapo hakuna mtu. Teksi iko nje. Hospitali wamesema nikichelewa nafasi anapewa mwingine.

Nimemwogesha Mama, nimemvika, nimemkalisha mbele ya fremu nikidhani hataniona nikitoka. Nilipoinama kuchukua begi akanishika mkono. Akawatazama wale juu ya kabati, akanigeukia.

"Dada, usiniache na hawa. Hawa hata maji hawanipi."

Nimekaa. Mama Pacha ananihimiza niende, yeye yupo — mpaka saa sita, anasema tena, polepole. Dereva anapiga honi. Naandika kwa mkono wa kushoto, mstari unapanda na kushuka. Wa kulia bado kaushika.