Wapangaji wa Benoît

Kolwezi, zahanati ya Manika

Adèle, mdogo wangu,

Mvua imewahi, na soko la Manika limejaa uyoga, kama zamani kabla hatujafukuzwa mjini hapa kwa kuitwa wageni.

Jana nilivaa koti nikaenda kujitambulisha kwa mpangaji wa marehemu ndugu yetu Benoît, kijana anayeitwa Stany.

“Mi ni Kabemba, mukubwa wa Benoît. Sasa mi njo mwenye nyumba.”

Alicheka. “Si balikufukuzaka, tata? Ingia, uone nyumba yako.”

Chumbani, penye kitanda cha Benoît, palikuwa na shimo refu la kuchimbia madini ya kobalti. Nilimwambia alifukie kabla nyumba haijaanguka. Akanipiga kwa mtarimbo, akanivunja mkono wa kushoto. Nikapiga kelele.

Majirani waliingia mbio, wakamburuta Stany nje na kumpiga mawe. Niliwasihi wamwache.

“Nyamaza, tata, tunakusaidia.”

Alipoacha kusogea, hakuna aliyenitazama. Walirudi chumbani, wakashuka shimoni kwa kamba yake.

Ulitaka kurudi na wajukuu, tuishi pale. Bakini Mwene-Ditu. Asubuhi hii majirani wamekuja hapa zahanatini na mkate, wakajitambulisha kwa heshima: wao ndio wapangaji wapya.

Nisalimie watoto wote,
kaka yako Kabemba