Tunataka Kuliuza Jipu Lako, Kaka

Cheyo,
S.L.P. 214,
Tabora.
22 Agosti 1971

Mpendwa kaka Lukumani,

Shikamoo kaka, na baada ya shikamoo pokea salamu zetu sote. Hujambo lakini? Kile kifua cha baridi kimekuacha, au bado kinakusumbua kila ufikapo mwezi wa saba? Sisi huku tu wazima kwa uwezo wa Mungu. Mama miguu humuuma jioni, lakini sauti yake ni ileile, akiita mtu uani, mtaa mzima unaitika. Mume wangu Twalibu bado yuko na randa na misumari yake, anawatengenezea watu vitanda huku chetu kinaliwa na mchwa. Mfaume yuko darasa la tatu. Maua amekwisha jua kuwajibu wakubwa, na tunamkomesha.

Barua hii nimempa Masolwa aje nayo, yule mtoto wa jirani zetu wa zamani, anayerudi huko kwenu Kitwe, Zambia, baada ya likizo yake. Nimemwomba akukabidhi mkononi, asimwachie mtu. Sababu utaiona mbele.

Kaka, ngoja nianze na lililo zito nilitue. Tunataka kuliuza jipu.

Najua umekunja uso. Nami nakumbuka vizuri ulivyokuja mwaka 1965, miaka mitatu tangu uende mgodini, na masanduku matatu na redio, na wiki hiyohiyo ukalinunua jipu kwa yule mpima ardhi aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Cheyo nzima ilitoka nje. Ulimpakia Mama ukamzungusha mji, ukapiga honi mpaka mbele ya msikiti, watu wakakusema. Ulituambia hili ni gari la familia, twende wote, asibaki mtu. Wiki tatu tulitembea. Kisha ukaondoka, sisi tukabaki na jipu, na leo ni mwaka wa sita hatujakuona.

Sasa nikuambie ambalo sikuwahi kuliandika katika barua zangu zote. Jipu halitufai. Silitukani, ni gari la kazi, na porini halina mpinzani. Lakini sisi si watu wa porini. Mama hawezi kulipanda mpaka tuweke kigoda, Twalibu amvute mkono, mimi nimsukume kwa nyuma, naye anatutukana wote wawili. Kule nyuma watu wanakaa magoti kwa magoti, wanakula vumbi. Mwaka jana tulikwenda harusini Urambo. Tulitoka hapa tumejifukiza udi na kanga zetu mpya, tukafika wekundu kuanzia kope mpaka kucha. Mwenye harusi alituuliza kwa adabu kama sisi ndio mafundi wa kisima. Maua alikuwa ametapika mara nne.

Na anayeliendesha ni mimi. Ndiyo, kaka, usishangae. Mgongo wa Twalibu ulikataa, akanifundisha, na mwaka juzi nikapata leseni. Mwanzoni wanawake wenzangu walinicheka. Sasa ndio wa kwanza kuniuliza kesho naelekea wapi. Lakini kukata kona na jipu lile ni kazi ya kumvuta ng'ombe joshoni. Nikifika nyumbani mikono haiwezi hata kukuna nazi.

Tena limekuwa la kila mtu. Ujamaa wa jipu huku ulianza kabla ule mwingine haujatangazwa. Mgonjwa, jipu. Kuni, jipu. Jeneza, jipu. Siwanung'unikii, binadamu ni kufaana, ila petroli hakuna anayeikumbuka.

Sasa yuko mkulima mmoja wa tumbaku kule Usoke, anaitwa Kasimiri, Mkatoliki, mtu muungwana sana. Twalibu alimtengenezea milango ya nyumba. Yeye ana gari dogo, Pijo ya rangi ya maziwa, aliinunua mwaka ule tumbaku ilipopata bei. Kijiji chao kimekuwa cha ujamaa, na kila akipita na Pijo yake wenzake wanamwita mnyonyaji. Anasema hajamnyonya mtu, labda tumbaku, lakini amechoka kueleza. Anataka gari la kubebea miche na mbolea ya wote, ili akionekana njiani aonekane yumo kazini. Kwa hiyo analitaka jipu. Atatupa Pijo, na kwa kuwa imetembea zaidi, atatuongezea na fedha kidogo juu yake.

Mwezi uliopita alinipa niijaribu. Tulitoka Usoke kuelekea Urambo, yeye pembeni yangu. Kaka, sijui nikueleze vipi. Usukani unaugusa kwa vidole tu, nayo imekwisha elewa. Gia zinaingia kimya. Ni njia ileile aliyoipita babu kutoka Ujiji na pembe ya ndovu begani, siku baada ya siku, na mimi nilikuwa naimaliza kabla wali haujaiva. Nilifungua kioo, upepo ukanivua ushungi, na sikuurudisha. Nilicheka peke yangu barabarani, mama mzima na watoto wawili.

Halafu nikalia. Nilikumbuka sisi wawili utotoni, tunakimbiza ringi za baiskeli kwa vijiti mpaka Kwihara, wewe mbele, unageuka kila mara kutazama kama bado nipo. Tangu uondoke hakuna tena anayegeuka kunitazama namna ile. Nimekukosa sana, kaka. Kasimiri alidhani ni vumbi limeniingia machoni, akanipa leso yake.

Nilirudi nyumbani nimekwisha amua, ila kumshawishi Mama ilikuwa shughuli nyingine. Hujui hili: kila Ijumaa asubuhi Mama analifuta jipu kwa kitambaa cha maji, mwenyewe, hataki asaidiwe, na anaanza na usukani. Tulipomweleza habari ya Kasimiri alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Likiuzwa, kitu gani chake kitabaki hapa?" Maneno yakaishia hapo.

Ndipo Masolwa akaja kutuamkia.

Usimkasirikie, nakuomba. Hakuja na umbea. Mama ndiye aliyembana, akamuuliza unakula nini, unalala wapi, nani anakufulia, mpaka yule kijana akainamisha kichwa. Tumeambiwa kwamba mgodi ulikupunguza kazini tangu mwaka jana. Tumeambiwa redio umeiuza na saa umeiuza, na kwamba sasa unashona viraka kwenye kibaraza cha mtu. Kumbe ile kanga uliyomtumia Mama wakati wa Idi ni ya fedha ya viraka! Mama ameikunja na hajaivaa tena.

Nimezisoma upya barua zako. Zote zinasema mwakani, nikikusanya kidogo. Sasa nimeelewa, na sikulaumu, maana najua ulikolelewa. Mtu wa huku akitoka safari huangaliwa mzigo kwanza, sura baadaye. Unaikumbuka habari ya babu mdogo, ndugu yake babu, ambaye mzigo wake uliibwa Ugogo wakati anarudi kutoka pwani? Aliona haya kuingia kwao mikono mitupu, akakaa hukohuko Ugogo, akaoa, akazeeka. Mama yake alikuwa akitoka kuuliza kila msafara unaopita, mpaka akafa. Mama alitusimulia habari hiyo tena siku ileile, Masolwa alipotoka hapa kwetu, sote tukiwa tumekaa uani. Alipomaliza alijifuta macho, akamgeukia Twalibu.

"Uzeni," akasema. "Mimi sikuzaa gari."

Ndivyo ilivyokuwa. Ile fedha ya nyongeza, Mama ameagiza iwe nauli yako, isiguswe kwa jambo lolote. Kasimiri ametuamini, ameitoa hata kabla ya kulipata jipu. Masolwa anayo, imeshonewa ndani ya pindo la koti lake, na mshono ni wangu kwa hiyo usiucheke, fundi. Usiione kuwa ni sadaka. Ni bei ya jipu lako mwenyewe, ulilolinunua kwa jasho lako.

Nimekupangia na safari. Ukifika Mbeya panda basi la huku, lakini usije nalo mpaka stendi ya Tabora, maana pale unajua macho ya watu. Shuka Sikonge. Niandikie tarehe tu, mimi nitakuwa pale tangu asubuhi na Pijo. Kasimiri amekubali kuniazima siku hiyo hata kama kadi ya gari haijabadilishwa. Kaka, Pijo ina buti la mizigo kule nyuma. Jipu lilikuwa wazi, mpaka kitunguu ulichobeba watu walikiona. Hii ina buti linalofungwa kwa ufunguo, na likishafungwa hakuna anayejua kama limejaa au halina kitu. Tutapita Cheyo taratibu, utawapungia watu mkono, tutaingia mpaka uani, na mlango tutaufunga. Wazo hili si langu, ni la Mama, na alipolitoa alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Wanasema mkono mtupu haulambwi. Basi, Mama hataki kuulamba wako, anataka kuushika.

Sasa niungame. Kadi ya jipu ina jina lako, kwa hiyo bila wewe haliuziki. Katika barua ya kwanza niliyoandika, nilikuambia serikali inakutaka ufike mwenyewe, kwa miguu yako, la sivyo mauzo ni batili. Niliandika kurasa mbili za uongo mzuri. Nikaichana. Ukweli ni kwamba karani wa magari ameniambia saini yako inatosha, hata ikija kwa posta. Fomu imo humu ndani ya bahasha, nimeweka alama ya kalamu pale pa kutia saini. Ukiitia na kuituma, Kasimiri atapata jipu lake na sisi Pijo yetu, na ile nauli itabaki kwako uitumie unavyoona. Hakuna atakayekulaumu hapa nyumbani. Sitaki uje kwa hila ya mdogo wako, ukafika ukanitazama kwa jicho baya.

Kasimiri anasema anaweza kungoja mpaka mvua za kwanza, atakapoanza kupandikiza miche. Mwezi wa Ramadhani nao utaandama kabla ya hapo. Ningependa tufuturu pamoja hata siku moja.

Shangazi Sikuzani anakusalimu sana, meno yamebaki mawili na bado anatafuna karanga. Twalibu anasema cherehani ya marehemu baba ipo, ameitia mafuta, na kibaraza chetu hakina mpangaji. Alinikataza nisiliandike hilo usije ukaona tunakusukuma, nami nimeliandika. Mfaume anauliza kama ni kweli mjomba ana masharubu. Mama hakutoa salamu. Nilipomuuliza nikuandikie nini kwa niaba yake, alisema ya kwake atayasema wewe ukiwa umekaa mbele yake.

Mungu akulinde huko uliko, akukinge na kila baya, akufungulie njia ya kwenda na ya kurudi.

Kaka, saini ikija peke yake nitaipokea kwa mikono miwili na nitashukuru. Ila gari zuri namna ile, sijui nitakuwa naliendesha kwenda wapi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye na nikungojaye,

Swaumu