Yaya, Moto Wako Ulikuwa Chini ya Sifuri

Yaya,

Dada yangu, kwanza ujue unaandikiwa na muntu mukubwa. Toka Kamanyola hadi Uvira hakuna baiskeli inayonishinda kutengeneza, hakuna hesabu inayonitisha, na mamba wa Ruzizi wakisikia minye nakuja kuoga wanatoka majini wenyewe, wanangoja kwenye muchanga mpaka nimalize. Usicheke. Uliza wafu wenzako, hapo hawakosi wawili watatu waliokuwa wananijua.

Mama anasema marehemu haandikiwi, anaombewa. Nimekuombea, Padri amenisikia mpaka amechoka. Lakini katika sala siwezi kukutania, na weye bila kutaniwa ulikuwa hata chakula hukioni kitamu.

Habari za huku Sange. Mupunga umekubali mwaka huu. Bwana yako amerudi kwao Nyakabere, anaapa hataoa tena, ila naona siku hizi ananyoa ndevu kila Jumapili, basi tutajua. Mutoto wako Mapendo iko kwetu, minye na Mama. Ameota meno ya mbele, makubwa kama yako, na anatukana kama minye. Mama hataji jina lako. Anasema tu "ule wangu", halafu anatoka nje kuangalia kuku ambao hawana shida yoyote.

Unakumbuka baridi yako? Jua la tambarare linapasua udongo, mbuzi wanagombania kivuli, na weye umejifunga pagne mbili, unaota moto. "Kadogo, funga mulango, upepo unaingia." Upepo gani, Yaya? Majani hayakuwa yanatikisika hata moja. Nilifunga tu, tukakaa ndani tukiiva, minye natoka jasho kwa ajili yetu wawili.

Halafu sauti ikawa nzito kama ya katekista mwenye mafua. Uso ukavimba, wanawake kisimani wakasema ndoa imekupendeza. Nyusi zikaisha pembeni. Ulikuwa unaanza neno asubuhi, tunalipata mchana. Na siku ile kapita, musimamizi wa pamba, alipokukuta umelala katikati ya mistari, kikapu kitupu kando yako, alipiga kelele shamba zima lisikie: "Huyu muke iko nalala sawa chatu aliyemeza mbuzi!" Mama mukwe wako naye, mudomo wake unaujua: "Sisi tulipeleka ng'ombe, batu banatupatia mukeka." Weye ulisogea tu karibu na moto. Zamani ungejibu mpaka wangehama. Hapo ndipo niliogopa.

Infirmier, yule muuguzi wa Uvira, ndiye wa kwanza kukushika shingo badala ya kukushika makosa. Alikugonga kisigino kwa nyundo ndogo ya mupira, muguu ukaruka, kisha ukarudi polepole, kama muntu anayefikiri kwanza. Hakucheka. Alimuita munganga wa hospitali, na munganga akasema uende Usumbura, ng'ambo ya Ruzizi, kwenye mashine inayopima moto wa mwili.

Sharti lilikuwa moja: usile kitu tangu jioni, maana chakula kinawasha moto wa uongo na mashine inadanganyika. Mama alikasirika kabisa. "Mugonjwa wangu asafiri tumbo tupu? Batasema alikosa mama." Akafunga ugali na ndagala chini ya nguo, akafikiri hatujui. Nilikula yote minye, pale kwenye kibaraza cha hospitali, mbele yako, ili usishawishike. Ulinitazama kila tonge. Samahani, lakini ndagala zilikuwa nzuri.

Asubuhi wakakulaza, wakakubana pua, wakakutia bomba mudomoni. Kalamu ikawa inachora vilima juu ya karatasi, yenyewe bila mukono wa muntu. Ulinigeuzia macho, ukaniuliza kwa macho kama ndiyo mwisho. Nikakuonyesha kwa mukono: pumua tu, Yaya, pumua kama kawaida. Ulipumua kwa kunitazama.

Jibu lilipofika Uvira, nani alilinyakua? Minye, musomi wa mwaka wa ine. Nikasoma kwa sauti, Kifaransa kikitoka puani: "Trente-deux! Yaya amepata thelathini na mbili kwa mia, amefeli, lakini wengine watakuwa wamefeli zaidi." Infirmier akanipokonya karatasi. "Na hiki kistari cha mbele umekila? Ni moins, bwana mudogo. Chini ya sifuri."

Nikabisha. Frère, mwalimu wetu wa misioni, alitufundisha huwezi kutoa kikubwa kwenye kidogo, sasa muntu atakuwaje chini ya sifuri na bado anakohoa? Infirmier akavuta kiti, akakuambia weye, si minye, na alisema polepole ili akili yako ifike. Sifuri hapa si kukosa kitu. Sifuri ni muntu muzima, moto wake unavyotakiwa. Akipita juu, anaungua haraka mno, anakonda, moyo unakimbia. Akishuka, moto umepungua. "Chukua mbabula," akasema. "Sufuria iko, chakula iko, lakini makaa yamepungua karibu sehemu moja katika tatu. Hata mawazo yanachelewa kuiva. Huyu muke hakuwa muvivu siku hata moja." Akagusa shingo yake mwenyewe: hapa pana kitu kidogo kinachopuliza moto huo, na chako kimechoka. Dawa ipo. Kidonge kila asubuhi. "Si mpaka upone, Mama Mapendo. Mpaka uzeeke."

Ulilia. Nilidhani ni ugonjwa. Njiani ukaniambia: "Kadogo, amesema sikuwa muvivu." Ulilisema mara nyingi mpaka Sange, kwa ile sauti yako ya katekista.

Na dawa ilifanya kazi! Hapo hakuna muntu atanidanganya, niliona kwa macho haya. Uso ulishuka kama unga uliokaa chini. Sauti ikarudi. Siku moja ulitoka shambani unapiga kelele, tukakimbia tukidhani nyoka, kumbe umetoka jasho. "Tazameni! Nimelowa!" Ukamushika mama mukwe wako mukono, ukaupitisha kwenye paji la uso wako, aone mwenyewe. Kapita alipopita ulimuambia chatu ameamka na ana njaa. Nilicheka mpaka nikaanguka. Nilijua basi, tumeshinda, na nusu ya ushindi niliweka kwangu.

Kisha mvua zikaanza, na baridi yako ikarudi nazo. Tulikuuliza, ukasema ni mvua tu. Tulikuuliza dawa, ukasema "nimeshameza". Usingizi ukawa murefu kuliko siku. Asubuhi ile hatukuweza kukuamsha, hata Mapendo alipokuvuta sikio. Tukakubeba kwenye tipoyi, machela ya miti, mpaka barabarani, camion ya pamba ikatuchukua kuelekea Uvira. Nilishika mikono yako njia nzima. Sijui ulikufa saa ngapi, Yaya. Mikono ilikuwa baridi tangu jana yake. Ni Mama aliyesema, "Simamisheni." Dereva akasimamisha.

Wanawake walipokuosha walifungua fundo la pagne yako. Vidonge vikamwagika juu ya mukeka, rangi ya vumbi, vingi, vya wiki na wiki. Mama mukwe wako akasema uliota kwamba ni sumu ya wazungu. Bwana yako akasema usahaulifu wa ugonjwa. Mama akasema ulikuwa unaviweka akiba kwa siku mbaya. Kila aliyesema, minye nilitikisa kichwa kukubali.

Sasa Mapendo. Usiogope. Nilimupeleka kwa infirmier, akamushika shingo, akamugonga kisigino, muguu ukaruka na kurudi haraka, ukataka kumupiga teke. Iko muzima. Lakini ameniambia jambo hili linaweza kufuata damu, tumuangalie anavyokua. Basi naahidi: kila mwaka pamba ikishavunwa nitamubeba kwenye baiskeli mpaka Uvira, akae mbele, atukane watu njia nzima. Siku akisema anasikia baridi juani, sitafunga mulango, nitampeleka. Na akipewa dawa, nitauliza kwanza imetoka wapi, nimueleze taratibu, tukiwa wawili tu, kisha ningoje aniambie kama anaiweza.

Lala, Yaya wangu. Ardhi ya hapo ulipo inashika joto la jua mpaka usiku, nilichagua mahali mwenyewe.

Bado neno moja, na hili Padri hajalisikia.

Infirmier aliniambia dawa ile inatoka katika shingo ya kondoo, inakaushwa, inasagwa. Aliniambia minye kwa sababu nilikuwa najifanya musomi. Kwetu kondoo haliwi, na mwanamuke ndiyo kabisa, hata chungu kilichopikiwa kondoo hakigusi. Nilijua. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Baada ya maziko infirmier akanieleza kwamba kuna nyingine, ya ng'ombe, angeandika iletwe, kama muntu angemuambia tu. Ya ng'ombe ungemeza ukiimba.

Ilikuwa asubuhi moja, kabla mvua hazijaanza, watu wamejaa uani kupepeta mupunga. Ulikuwa umeshika kidonge na kikombe cha maji. Nikataka wajue ninachokijua. Nikasimama nyuma yako, nikalia kama kondoo, kwa nguvu, "Meee!", na nikawaeleza wote kwa nini.

Walicheka sana. Weye pia ulicheka, ukafunika mudomo kwa mukono. Nilidhani umemeza.

Kadogo wako