Safu ya Ingekuwa

Jumanne, 5 Machi 2002

Gazeti limefika na basi la Dar saa nane. Nimefunga meza yangu ya karanga mapema. Mama Josefu wa nyanya akanizomea mbele ya soko zima, "Unawahi ofisini, bosi?" Ndiyo, nawahi. Ofisi yangu iko chumbani kwangu Area D, hapahapa Dodoma, juu ya meza ya cherehani.

Kompyuta nimewasha mwenyewe. Bei za hisa nimezitoa gazetini, nimeandika mwenyewe. Neema kasimama mlangoni anacheka tu. Programu hii kaitengeneza yeye, binti yangu, karani wa hesabu, kwenye kompyuta kuukuu aliyoinunua kazini kwao walipokuwa wanaziondoa. Kila kitu kaandika kwa Kiswahili, mama yake wa darasa la saba asihangaike. Safu ya kwanza, Idadi ya Hisa. Ya pili, Nilinunua. Ya tatu, Leo. Ya nne, Ingekuwa. Hiyo ya nne ndiyo tamu. Inaonyesha ningepata faida gani au hasara gani kama ningeuza leo. Kijani faida, nyekundu hasara.

Leo kijani! Kampuni ya rangi imepanda tena. Serikali ilipoiuza nilinunua hisa kwa pesa zote za karanga, watu wakasema nimenunua karatasi. Waje waone karatasi.

Alhamisi, 7 Machi

Neema kaenda Singida kikazi, wiki mbili. Kaniachia agizo: niandike bei tu, safu nyingine nisiguse. Nani aguse.

Yohana kaja jioni. Mwanangu wa pili, fundi umeme, mrefu kama marehemu baba yake na mzuri kumshinda. Anataka kumuoa Rehema, mwalimu, mtoto wa Kibakwe. Wakwe wametuita tukazungumze mahari. Yohana hali chakula. Yuko mwanamume mwingine Mpwapwa, ana duka la mbolea na ng'ombe wake mwenyewe, na shangazi wa Rehema anampenda huyo. Yohana anaogopa watataja ng'ombe wengi makusudi ili tushindwe.

Nimempakulia ugali. Mwanangu, kula. Mama yako ana safu ya kijani.

Jumamosi, 9 Machi

Mungu wangu.

Gazeti linasema mwezi ujao kampuni ya rangi itatoa hisa za bure. Mwenye moja atapewa moja. Nimesoma mara tatu. Nikatoka nje, nikarudi, nikasoma tena.

Sasa mimi ni Mgogo. Kwetu ng'ombe mwenye mimba akiletwa kwenye mahari anahesabiwa wawili, hakuna anayebisha. Na hisa zangu zina mimba, gazeti limeandika. Nikagusa safu ya kwanza. Nikaandika idadi mara mbili yake.

Ingekuwa ikaruka! Kijani mpaka mwisho wa kisanduku. Nimepiga vigelegele peke yangu chumbani, jirani akagonga ukuta akidhani kuna msiba au harusi. Nikamjibu harusi.

Jumamosi, 16 Machi

Kibakwe. Baridi ya milimani, matope mpaka kwenye gauni. Mzungumzaji wetu alikuwa shemeji Lazaro, mdogo wake marehemu. Mimi kazi yangu kukaa kwenye mkeka na wanawake na kunyamaza.

Shangazi wa Rehema, mama mnene mwenye sauti ya kengele, akaanza kutuchokoza. "Watu wa mjini hawa. Mnafuga wapi, kwenye kabati?" Wakacheka wote. "Nasikia ng'ombe wenu wanakula magazeti." Kumbe habari zangu zimefika mpaka huku! Nimefurahi kidogo, sisemi uongo.

Baba yake Rehema akataja kumi na wawili. Lazaro akaanza kuguna, akakohoa, akasema hali ngumu, mvua, nini. Alitaka kushuka mpaka wanane, ndiyo desturi, watu wanavutana mpaka jioni. Mimi nikaona aibu. Nina kijani nyumbani halafu tunalia njaa ugenini? Nikasema kutoka kwenye mkeka, kwa sauti, "Kumi na wawili tumekubali. Wote kwa mkupuo."

Shangazi akamtazama kaka yake. Lazaro alinitazama kama nimevua nguo.

Siku ya kupeleka ng'ombe tumepanga, Jumamosi ya tatu baada ya Pasaka. Njia nzima Lazaro alinipa kisogo. Yohana alinishika mkono mpaka Dodoma. Nimempa mwanangu mke!

Ijumaa, 22 Machi

Neema karudi. Shikamoo Mama, marahaba mwanangu, nikamvuta mkono hata hajaweka begi. Njoo uone.

Akaona. Akakaa.

Hisa zikiwa mara mbili, bei inagawanywa mara mbili. Ndivyo alivyosema. Kampuni ni ileile, imekatwa vipande vingi zaidi tu. Nikamwambia ng'ombe akizaa hapungui nusu. Akasema, "Kampuni si ng'ombe, Mama." Kwa upole. Upole wake ndio uliniuma.

Akarudisha safu ya kwanza ilivyokuwa. Kijani ikarudi udogoni. Halafu akaniuliza, na Kibakwe mlikubaliana wangapi? Nikamwambia habari ya kumi na wawili.

Jumamosi, 23 Machi

Nina hasira. Na kompyuta, na gazeti, na Lazaro ambaye kaja asubuhi kusema, "Shemeji, mimi nilikohoa." Na mimi mwenyewe.

Yohana anasema turudi tukaombe kupunguziwa. Siwezi. Shangazi yule atanicheka mpaka kaburini, halafu atamwita mtu wa mbolea. Neema anasema niuze nusu, nusu niziweke za uzeeni. Nimesema uza zote. Kaniuliza mara mbili. Zote.

Jumanne, 26 Machi

Neema kampigia simu dalali wa hisa Dar. Zimewekwa sokoni. Hakuna aliyenunua.

Sikujua hili. Nilidhani safu ikisema ingekuwa, basi ukitaka inakuwa. Kumbe lazima atokee mtu anayezitaka, kama karanga tu. Hili ningelijua bila kompyuta.

Alhamisi, 28 Machi

Bei imeshuka. Kijani imekonda. Hakuna mnunuzi. Kesho Ijumaa Kuu, soko la hisa litafungwa mpaka Pasaka ipite. Yohana kaacha kula tena.

Jumatano, 3 Aprili

Zimeuzwa!! Neema kaja mbio sokoni na viatu vya ofisi, vumbi mpaka magotini, anapiga kelele "Mama zimekwenda!" Mama Josefu kamwaga nyanya. Tumekumbatiana sisi watatu, Mama Josefu hajui hata tunashangilia nini. Bado faida ipo! Ndogo, lakini faida. Walioniambia karatasi leo waniamkie.

Ijumaa, 19 Aprili

Pesa zilifika, jana tukaenda mnadani. Za hisa zimetoa ng'ombe sita. Akiba ya karanga imetoa watatu. Wazuri, wamenona, nimechagua mwenyewe, baba yangu alinifundisha kutazama mgongo. Lakini tisa. Kwa mkupuo nilisema kumi na wawili.

Kesho naenda nao Kibakwe. Nikifukuzwa nifukuzwe mimi.

Jumamosi, 20 Aprili

Niandike haraka kabla sijasahau neno hata moja.

Shangazi alisimama zizini kabla hatujasalimiana. Akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena. Yohana alikuwa kama mtu anayesubiri sindano. Nikaona Lazaro anaanza kukohoa, nikamtangulia. Nikasema mbele ya wote: wamepungua watatu, kosa ni langu, nilihesabu kitu ambacho hakijawa. Mvulana hana kosa.

Shangazi akanisogelea. Akasema, "Mama Neema, siku ile mliposema wote kwa mkupuo tulikasirika. Kaka yangu hakulala. Hivi mlitaka mlipe mmalize, mchukue mtoto wetu, msirudi tena hapa? Huyo wa mbolea naye alisema hivyohivyo. Nikamwambia dukani kwako ndiko watu wanalipa na kuondoka."

Nikaanza kuomba radhi, akanikatisha. Mimi!

"Tisa tumepokea. Watatu mtakuwa mnaleta mmoja mmoja, mkija kutusalimia. Na huo mdomo wako usiuache mjini, tumeupenda." Akapiga kigelegele, nikampokea, wote wakapokea. Baba yake Rehema alimshika Yohana bega. Mwanangu alilia kama mtoto, na mimi nasema hadharani sijaona mwanamume analia vizuri kama yule.

Ningewauliza kwanza wanavyotaka, ningebaki na hisa. Basi.

Jumatatu, 13 Mei

Harusi imepita. Wageni wameondoka, Yohana kaenda kazini.

Rehema amelala chumba cha pili. Alisafisha vyombo vyote jana mpaka nikamzuia. Mchicha wake una chumvi nyingi. Sitasema.

Sijaenda sokoni. Nimechemsha chai, nimeifunika. Sitamwamsha. Ataamka mwenyewe.