Maana ya "Overlook"

Kitisuru, Nairobi
3 Juni 1957

Mpendwa dada Milcah,

Pokea salamu zangu. Kifua cha mama kinaendeleaje? Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii.

Juzi nikipiga pasi niliunguza kitambaa cha meza cha memsahib, alichoachiwa na marehemu mama yake. Alilia mbele yangu. Asubuhi walisafiri kwenda Nakuru, bwana akaacha karatasi jikoni ninapopikia: "Nashon, we shall overlook this." Najua "look" ni tazama na "over" ni juu. Wewe unayesomea ualimu, niambie wanataka kunifanya nini. Wanarudi tarehe kumi na tano.

Ndugu yako,
Nashon

Butere
8 Juni 1957

Kaka mpendwa,

Mama alikuja kuniona Jumapili, kifua kimepata nafuu. Barua yako ndiyo imenitia baridi.

Tumefundishwa "oversee" ni kusimamia, "overtake" ni kumpita aliye mbele, "overcome" ni kushinda. Basi "overlook" ni kulitazama jambo kutoka juu, kulikagua lote. Watakuchunguza, na labda wataita polisi. Jihadhari sana.

Dada yako,
Milcah

Butere
19 Juni 1957

Kaka,

U mzima? Nakuandikia mbio. Leo mwalimu ametueleza neno lile. "Overlook" ni kutoliona kosa, au kuliona na kulisamehe. Bwana alikusamehe! Usiondoke. Nijibu hata mstari mmoja.

Milcah

Kawangware
21 Julai 1957

Dada Milcah,

Nyote hamjambo? Mimi nipo, mikono tu imechubuka.

Nilitoroka siku moja kabla hawajarudi. Sasa nabeba mawe kwenye mjengo karibu na Adams Arcade. Leo nilirudi kuchukua sanduku langu, na Kisilu wa bustani akanipa barua yako. Memsahib alinikuta mlangoni. "Nashon, kwa nini ulikimbia? Bwana alikusamehe." Jikoni kuna mpishi mwingine.

Mama usimwambie.

Nashon

Butere
27 Julai 1957

Kaka yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Siku ile nilipokujibu mara ya kwanza, mwalimu alikuwa chumba cha pili. Niliona haya kumwuliza, kwa kuwa uliniona msomi. Nilikisia tu, kaka. Nimemwandikia memsahib kwa Kiingereza kwamba kosa ni langu.

Milcah

Kawangware
11 Agosti 1957

Mpendwa dada,

Natumaini unalala na kula vizuri. Memsahib alimtuma Kisilu aniite. Alikuwa na barua yako mkononi. "Siwezi kumfukuza huyu mpya," alisema, "hana kosa." Nikaona ni haki. Lakini ameniandikia barua ya sifa, na kesho naanza kuosha vyombo kwa daktari mmoja huko Parklands. Si upishi, lakini si mawe.

Acha kujilaumu peke yako. Siku niliyotoroka, Kisilu alinishika mkono langoni. "Mngoje bwana," alisema, "umwulize mwenyewe." Nilimsukuma akaanguka kwenye maua. Hilo sijamwambia mtu mpaka leo.

Ndugu yako,
Nashon